Inchi Saba na Nusu

Lowell Stroh alikuwa mtu wa kuona kinyaa upesi. Mkewe, Ardith, alikuwa akiwaambia wageni kwamba huyu mzee alizaliwa pua ikiwa imekunjwa na mkunga akashindwa kuinyoosha. Kahawa iliyopashwa moto mara ya pili ilimchafua moyo. Mtu akilamba kidole ili afunue ukurasa wa gazeti, Lowell aliliacha gazeti lile hapo hapo, hata kama alikuwa amelinunua yeye. Lakini yote hayo yalikuwa madogo. Kilichomkera kuliko vyote ni mtu anayeidanganyia bastola kuukuu umri wake.

Kwa miaka mingi alikuwa na duka la vifaa katika mji wa Alder Fork, huko Nebraska, akiwauzia wakulima wa mahindi misumari, kufuli na rangi ya ghala. Bastola zilimjia kwa mlango wa nyuma. Mkulima mmoja aliyeishiwa alimletea bastola ya babu yake, imefungwa kwenye soksi, akaomba apewe pampu ya maji. Lowell akampa pampu, na tangu siku ile akawa mtu mwingine. Si kwamba alipenda kufyatua risasi. Milio ilimuumiza masikio, na ukimweleza habari za kuua alikuacha ukisema peke yako. Alizipenda kama wengine wapendavyo saa za ukutani za zamani: chuma kilichotengenezwa na mtu aliyejua kazi yake, kikavuka vizazi bila kuharibika.

Alichokifanya kwanza, kabla ya kutazama namba wala mpini, ni kupima mtutu. Aliweka rula mdomoni mwa bastola akaishusha hadi uso wa mbele wa silinda, kile kigurudumu cha kubebea risasi, basi, hapo ndipo mtutu unapokomea. Wajinga walipima mpaka nyuma, kwenye nyundo ya kugongea risasi, kisha wakaja kumbishia. Zile za silinda zilizotengenezwa kwa ajili ya wanajeshi wapanda farasi, miaka ya elfu moja mia nane na sabini na kitu, zilitoka kiwandani zikiwa na mtutu wa inchi saba na nusu. Baadaye zikaja za tano na nusu, na baada ya hizo, za nne na robo tatu, ambazo raia walizipenda kwa sababu hazimchomi mtu kiunoni akikaa. Kisha serikali yenyewe ikazikusanya zile ndefu ikazikata, ikachanganya viungo vyake kama mtu achanganyavyo karata. Ndiyo maana ndefu ya jeshi ambayo haijaguswa, namba za viungo vyake vyote zikiwa ile ile, ni kitu cha kukitazama ukiwa umevua kofia.

Urefu peke yake haukutosha, kwa sababu msumeno ni rahisi. Kwa hiyo Lowell aliangalia maandishi ya kiwanda yaliyo juu ya mtutu kama yamekaa katikati au yamesukumwa pembeni. Aliangalia ile nundu ya kulengea iliyo mbele, kama imechomelewa na mtu mwenye haraka. Alipitisha ukucha kwenye mdomo. Mdomo wa kiwandani ni mviringo laini. Uliokatwa na mtu uani kwake huwa na meno, hata akiusugua vipi.

Aliyekuwa na ndefu ya namna hiyo pale Alder Fork ni mmoja tu, Milo Kolar.

Milo alikuwa mkulima, mjukuu wa Wacheki waliokuja kulima nyika ile ilipokuwa majani matupu. Alikuwa na mikono kama koleo na sauti ya kuitia ng'ombe. Urafiki wao ulianza kwa kugombana katika mnada, kila mmoja akitaka sanduku lile lile la vyuma, na tangu hapo hawakuacha kugombana. Jumamosi walikaa jikoni kwa Milo wakila kolachi, maandazi ya Kicheki yenye jamu ya plamu, na kupitisha bastola kutoka mkono hadi mkono, wakibishana kuhusu skrubu moja hadi Ardith apige simu kuuliza kama mumewe amehamia huko. Ile ndefu Milo aliiweka mezani mwisho kabisa, kama mtu atoaye mvinyo baada ya chakula. Babu yake aliipata kwa mjane wa mwanajeshi, akampa ng'ombe wa maziwa. Haikuwahi kukatwa, kupakwa rangi wala kusuguliwa.

Kisukari kilimla Milo polepole. Kilianza na vidole vya mguu, kikaja kwenye macho, kikamalizia na figo. Ilipofika vuli alikuwa amelazwa sebuleni kwake, kwenye kitanda cha hospitali kilichowekwa mahali palipokuwa na kochi, na nesi alikuja kila asubuhi kumbadilisha nguo. Hakuona tena ila kivuli cha mtu. Wanawe wawili walirudi nyumbani: Denny, aliyekuwa akiuza mabati ya paa huko Omaha, na Marcy, aliyeolewa Kansas.

Denny ndiye aliyempigia Lowell simu. Alisema wanaomba aje awape tathmini ya bastola za baba, ili mambo yasije yakavurugika baadaye. Lowell aliuliza kama Milo mwenyewe ametaka hivyo. Denny akajibu kwamba baba hajui hata siku gani leo.

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Lowell alipoingia, akapita karibu na kitanda, Milo alisema bila kugeuza kichwa, "Hizo hatua ni za Stroh. Bado unaburuta mguu kama gunia la viazi."

"Na wewe bado unapiga kelele," Lowell akamjibu, akamshika mkono. Ulikuwa baridi na umevimba, lakini ulimbana.

Hapo ndipo alipoona vikaratasi. Vilikuwa vimebandikwa kila mahali, vya kijani na vya njano: kwenye kabati la vyombo, kwenye redio, kwenye picha ya harusi. Marcy alikuwa akizunguka na vibandiko mkononi, akimweleza Lowell kwa sauti ya kawaida kabisa, kana kwamba anapanga maua, kwamba kijani ni vyake na njano ni vya Denny. Hata taa iliyosimama kichwani pa mgonjwa ilikuwa na kikaratasi cha kijani. Hata kiti ambacho Lowell alitaka kukikalia ili aongee na rafiki yake. Alibaki amesimama. Alihisi kama mtu aliyekuta inzi kwenye supu baada ya kuinywa nusu.

Denny akamvuta jikoni. Mezani palikuwa na bakuli la viazi vilivyookwa na jibini, wameletewa na wanawake wa kanisa, na bastola zilikuwa zimepangwa kulizunguka. Denny alikuwa akila kwa kijiko kutoka kwenye bakuli lenyewe, na kwa vidole vile vile vyenye mafuta alikuwa akizigeuza bastola huku na huku, akizipima kwa futi ya mshonaji ya marehemu mama yake. Zilikuwa na alama za vidole vya jibini. Lowell alitoa kitambaa mfukoni akaanza kuzifuta moja moja kabla ya kusema neno lolote.

"Hebu angalia hii kwanza," Denny alisema, akatoa moja iliyofunikwa kwa taulo. "Hii nimekuwekea. Nimesoma kwenye mtandao. Fupi zisizo na ile fimbo ya kutolea maganda ya risasi ndizo zenye thamani. Wanaziita za masherifu. Watu wanazipigania."

Lowell aliichukua. Alijua ni ipi kabla hajaikunjua taulo, kwa sababu mpini ule aliushika Jumamosi zisizo na idadi. Lakini mkono wake ulipanda juu zaidi ya alivyotarajia, kama mtu anayeinua ndoo akidhani imejaa. Mtutu uliishia njiani. Maandishi ya kiwanda yalikuwa yamekatwa katikati ya neno. Ile nundu ya mbele ilikuwa imebandikwa kwa madini ya kulehemu, imepinda kidogo, na mdomo ulikuwa umepigwa tupa hadi ukang'aa kama jino la bandia. Ubavuni mwa fremu, mahali fimbo ilipong'olewa, kulikuwa na tundu tupu likimkodolea macho. Zile fupi za kweli hazina tundu hilo, kwa maana hazikuwahi kuwa na fimbo.

"Nani amefanya hivi?" aliuliza, ingawa msumeno wa chuma ulikuwa bado uko dirishani, na jiliwa la Milo la kubania vyuma lilionekana kupitia mlango wa karakana, vumbi la chuma likiwa chini yake.

"Mimi. Kazi si mbaya, eh? Kwa mtu ambaye hajawahi."

Lowell alisema baadaye kwamba wakati ule hakukasirika. Hasira ingemsaidia. Kilichomjia ni mate mengi mdomoni, yale yanayokuja kabla ya kutapika, na ikabidi aende kwenye sinki akateme. Alifungua maji akayaacha yatiririke. Kisha akamweleza Denny, kwa sauti ya chini ili isifike sebuleni, kwamba kitu alichokikata kilikuwa cha nadra kuliko hicho alichojaribu kukiiga, na kwamba sasa si hiki wala si kile, ni vyuma vya kuuza kwa kilo.

Denny alimsikiliza hadi mwisho, akachota kijiko kingine cha viazi. Akasema kwamba mzee Lowell ni mtu wa zamani, hajui soko la siku hizi. Nani atajua, yeye Lowell asiposema?

Lowell angetoka wakati ule ule. Alikuwa ameshavaa kofia. Lakini Marcy alikuja mlangoni na uso uliobadilika, akasema baba anaitaka. Ile ndefu. Anataka kuishika.

Ndugu wale wawili wakatazamana. Ikawa mara ya kwanza Lowell kumwona Denny akiwa na hofu, na hofu ile haikumpendeza hata kidogo, ilikuwa hofu ya paka aliyemwaga maziwa. Marcy akamgeukia Lowell. Alikumbuka kwamba Lowell anayo moja ndefu ya kuiga, iliyotengenezwa Italia miaka ya karibuni, ile aliyokuwa akiitumia kuwafundishia watu wapya kwenye maonyesho. Akaomba waazimwe, kwa saa moja tu. Baba haoni. Atashika, atafurahi, atalala.

"Usimvunje moyo, mzee wangu," Marcy alisema. "Nakuomba. Yuko mlangoni pa kaburi tayari."

Lowell alikwenda nyumbani kuichukua. Ardith alikuwa akikaanga vitunguu. Alimsimulia yote akiwa amesimama mlangoni, hakutaka hata kuvua koti. Ardith alizima jiko.

"Na wewe unakwenda kumdanganya?"

"Nifanyeje, Ardith? Nimwambie mtu anayekufa kwamba mwanawe ameikata kama bomba la maji?"

"Sijui ufanyeje," alisema mkewe. "Ila usirudi hapa ukaniambia kwamba Denny ndiye anayenuka peke yake."

Maneno hayo alikwenda nayo njia nzima. Hata hivyo aliichukua ile ya Italia, na akaipaka mafuta yale yale ambayo Milo aliyapenda, ili inukie kama ya Milo. Jambo hilo dogo la mafuta ndilo lililomchukiza nafsi yake kuliko yote. Uongo wa mdomo unaweza kusema ulikuponyoka. Mafuta unayapaka kwa makusudi, kwa kitambaa, ukihakikisha hujaacha pembe.

Walikuwa wamemwinua Milo kwa mito. Denny alisimama miguuni pa kitanda amefumbata mikono kama mtu aliye kanisani. Lowell akaiweka bastola kwenye viganja vya rafiki yake, na kwa muda Milo hakufanya kitu ila kuipima uzito, akiipandisha na kuishusha kidogo juu ya blanketi. Kisha kidole gumba chake kikatambaa juu ya mtutu kuanzia kwenye silinda, taratibu, hadi mdomoni. Urefu ulikuwa sawasawa. Marcy akashusha pumzi.

Milo akavuta nyundo nyuma. Akasikiliza. Akairudisha polepole, akaivuta tena, sikio lake likiwa karibu nayo.

"Stroh," alisema, "hii ni ile takataka yako ya Italia."

Akaipeleka puani.

"Umeipaka mafuta yangu," Milo aliendelea. "Hilo limekuchukua muda. Yangu iko wapi?"

Lowell alimtazama Denny, akimpa nafasi. Denny alikuwa akitazama zulia. Basi Lowell akavuta kile kiti chenye kikaratasi cha kijani, akakikalia, akamwambia. Hakupamba na hakupunguza. Alisema imekatwa, imekatwa na nani, na kwa sababu gani. Alipomaliza alisikia mashine ya hewa ikihema pembeni, na Marcy akilia kimya kimya huku kibandiko kimemganda kwenye kidole.

Milo akaomba aletewe. Denny akasema, "Baba, ya nini sasa," lakini Lowell alikuwa ameshainuka. Aliileta katika taulo yake. Mzee aliipapasa kama mtu apapasaye uso wa mtoto aliyeanguka, akitafuta palipovunjika. Aligusa maandishi yaliyoishia njiani. Aligusa lile tundu la ubavuni. Alipofika mdomoni, kingo ambayo tupa haikuifikia ikamchuna kidole gumba, na damu kidogo, nyembamba kama maji, ikatoka. Hakuondoa kidole.

"Denny."

"Ndiyo, baba."

"Ungeningoja."

Denny akaanza kujieleza. Alisema alitaka ipande thamani, kwa faida ya wote, na kwamba hata baba mwenyewe siku zote alisema kitu kisichouzika hakina maana. Aliongea sana. Alieleza juu ya gharama za nesi na paa la ghala. Milo alimwacha amalize, kama unavyoacha mbwa wa jirani abweke hadi achoke, kisha akamwomba Marcy amfute mikono. Mikono yote miwili, alisema, na kwa maji ya moto. Marcy alileta beseni. Wakati anamfuta, mzee aligeuza uso ukutani, na Denny aliendelea kusimama pale, akiwa hana mtu wa kumwambia neno.

Tangu siku ile Milo hakukubali kulishwa na Denny. Akihisi kijiko kinatoka kwake, alifunga mdomo. Alikubali kwa Marcy, kwa nesi, na kwa Lowell, ambaye alikuja kila siku akamsomea matangazo ya minada na akatukanwa kwa kusoma vibaya. Ile bastola hawakuitaja tena, isipokuwa mara moja, Milo alipouliza kipande kilichokatwa kiko wapi. Lowell alikitafuta karakana nzima, akakikuta kwenye kopo la rangi pamoja na vichungi vya sigara. Alikiosha, akamletea. Milo alikishika kidogo, akasema kinanuka sigara, akakirudisha. Alifariki kabla theluji haijaanguka.

Baada ya mazishi, watu waliteremka kwenye ukumbi wa chini ya kanisa kula mikate yenye nyama ya nguruwe na kachumbari ya kabichi. Lowell alikuwa amekaa na Ardith, hajagusa sahani. Denny alikuja na mkate mkononi, akainama kati yao, haradali ikiwa pembeni ya mdomo wake. Alimshukuru Lowell kwa yote aliyomfanyia baba. Kisha, katika pumzi ile ile, akamwambia kwamba kuna mtu wa kuinunua ile fupi, ila anataka karatasi kutoka kwa mjuzi. Mistari miwili tu: kwamba mtutu ni wa kiwandani.

"Jina lako linajulikana, mzee," alisema. "Na baba hayupo tena wa kuumia."

Lowell aliangalia ile haradali. Alisema baadaye kwamba hakuweza kutazama kitu kingine. Alimjibu kwamba afadhali aandike kwamba yeye mwenyewe ni mwanamwali. Ardith alicheka, mahali pale pa msiba, akaziba mdomo kwa kitambaa. Denny alinyooka, akatabasamu kama muuza mabati, akaenda meza nyingine.

Karatasi aliipata kwingine. Majira ya kuchipua, katika maonyesho ya bunduki huko Grand Island, ndani ya banda ambalo siku nyingine huonyeshwa ng'ombe na harufu yao haitoki, Lowell aliiona ile bastola. Ilikuwa juu ya meza ya mchuuzi mmoja aitwaye Vern Oakes, mtu mwenye mkufu wa jino la dubu, imelazwa juu ya kipande cha mahameli nyekundu. Sasa ilikuwa na hadithi. Kando yake palikuwa na picha iliyofifia ya maiti wawili wameegemezwa ubaoni, na maelezo kwamba hii ndiyo bastola ya sherifu aliyewaua wezi hawa wa farasi. Maiti wale wangeweza kuwa mtu yeyote. Picha za namna hiyo Vern alikuwa nazo kwenye boksi chini ya meza, na aliwabadilishia maiti majina kila alipohitaji.

Hilo Lowell alilijua siku zote. Alijua kwamba bastola iliyolala kwenye kabati maisha yake yote ni chuma tu, lakini ukisema iliua, watu hujikusanya. Wanaomba kuishika. Wanauliza alimpiga wapi, tumboni au usoni. Kwa miaka yote alikuwa akisimama kando na rula yake, akijiambia kwamba yeye yumo katika elimu, si katika uchafu ule. Siku hiyo aliona kwamba meza ni ile ile.

Mwanamke mmoja wa makamo, mwalimu aliyestaafu kutoka Kearney, alikuwa akiishika. Alikuwa akitafuta zawadi ya mumewe. Alikuwa na uso mwema, na koti lililoshonwa vizuri. Lowell alimwomba radhi, akajitambulisha, akamwonyesha: maandishi haya, mama, yanaishia katikati ya neno. Tundu hili halikupaswa kuwapo. Nundu hii imepinda. Alimwambia kwamba ilikuwa ndefu, inchi saba na nusu, ya mwanajeshi, na kwamba aliikata mtu anayemfahamu, vuli iliyopita, juu ya jiliwa la baba yake. Vern Oakes alisikiliza yote huku akisafisha kucha kwa kijiti, bila wasiwasi.

Yule mwanamke aliiangalia tena, akaipeleka kwenye mwanga.

"Nakuamini," alisema. "Lakini mume wangu hatajua, na hadithi yake ni nzuri mno. Atawasimulia marafiki zake." Akamgeukia Vern. "Na ile picha inakuja pamoja nayo?"

"Inakuja pamoja nayo," Vern alisema.

Lowell alitoka nje akasimama kati ya magari, akavuta hewa yenye mbolea ya ng'ombe, ambayo aliiona safi. Aliporudi nyumbani, Ardith alimwuliza nini kimetokea, akajibu kwamba hakuna lililotokea. Kila mtu alipata alichokitaka.

Siku chache baadaye alimpigia simu mwanawe, Curtis, aliyekuwa Denver, akamwuliza kama angependa kuzirithi bastola zake. Curtis alikuwa mtu mkweli. Alisema, "Baba, mimi sijui hata ipi ni ipi. Ziondoe wewe, ukiwa na nguvu. Usiniachie nije kufanya ujinga." Lowell alishukuru. Tena alishukuru kwa moyo wote, ingawa alipokata simu alikaa muda mrefu na kipokezi mapajani.

Alizipeleka kwenye jumba la makumbusho la kaunti, zote, kila moja ikiwa na maelezo yake: urefu wa mtutu, mwaka, kilichobadilishwa na kisichobadilishwa. Dada aliyezipokea alikuwa na mafua, akipenga kamasi kwenye mkono wa sweta. Alimwambia kwamba nafasi ya kuonyesha hawana kwa sasa, ila chini kuna chumba kikavu. Lowell alizibeba mwenyewe ngazi hadi ngazi, kwa sababu hakutaka zishikwe na mkono ule. Kipande cha mtutu wa Milo alikiweka humo pia, ndani ya bahasha, akaandika juu yake kilikotoka. Jina la aliyekikata hakuliandika, na alijiudhi kwa hilo, lakini Marcy alikuwa bado akiwaletea kadi za Krismasi.

Wakamuuliza mjini kama hataki tena kwenda kwenye maonyesho. Alijibu kwamba magoti yanamsumbua. Jumamosi zilimwia nzito. Alianza kutengeneza vizimba vya ndege, akavichukia, akaacha. Ardith alimfundisha kucheza karata za watu wawili, akamshinda kila mara, akamzomea kila mara, na hilo alilivumilia.

Denny alirudi kuishi Alder Fork, katika nyumba ya baba yake, kwa maana biashara ya mabati ilikuwa imemharibikia. Katika mji wenye kituo kimoja cha mafuta huwezi kumkwepa mtu. Siku moja ya Julai Lowell alikuwa akijaza gari lake, na lori la Denny likasimama upande wa pili wa pampu. Denny alishuka akiwa na fulana ya jasho, akijikuna tumbo, akamwona.

"Kuna joto, mzee," alisema.

Lowell alitazama tarakimu zikizunguka kwenye pampu. Alikuwa amejiapia kwamba hatampa neno mtu huyu hadi siku ya kufa. Aliusikia mdomo wake mwenyewe ukifunguka, kwa mazoea ya mtu aliyekuwa na duka miaka yote, aliyewajibu wateja wote.

"Lipo," alisema.

Kisha akaurudisha mpira wa mafuta mahali pake, akaingia ndani kulipa, na njia nzima ya kurudi nyumbani aliendesha dirisha likiwa wazi, akitema mate nje.